Jenerali Broglio na Uhuru iliyopaa kutoka Ngomeni

Kila ifikapo tarehe 12 Desemba hotuba husomwa viwanjani kuanzia Mombasa hadi Mandera, na wazungumzaji hutaja wapigania uhuru, barabara zilizojengwa na ahadi zisizotimizwa. Ni nadra mno kumsikia mmoja wao akikumbusha kwamba tarehe hiyo hiyo ya mwaka 1970, Kenya ilipotimiza miaka 7 ya kujitawala, chombo kilichopewa jina la Uhuru kilirushwa kutoka jukwaa la chuma lililosimama baharini karibu na kijiji cha Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, na kwamba chombo hicho kiliibadili elimu ya falaki ulimwenguni kote. Nadra zaidi ni kumsikia mtu akimtaja aliyelisimamisha jukwaa hilo. Waitaliano humwita baba wa safari zao za anga. Sisi tuliomkaribisha kwenye maji yetu hatuna hata aya moja ya kumweleza mtoto anayeuliza.

Mtu huyo ni Luigi Broglio, na leo nawaomba wasomaji waniruhusu niyaweke kando masuala ya ngeli na upatanisho, nimsimulie yeye. Nitamsimulia kwa kumtazama kutoka Garissa. Yamkini wengine wataona ajabu, maana Ngomeni ni pwani na Garissa ni bara. Lakini mto Tana unaopita chini ya daraja la Garissa humwaga maji yake Kipini, katika Ghuba ya Ungwana, na ni katika ghuba hiyo hiyo ambamo jukwaa la Broglio limezamisha miguu yake. Kwa mstari ulionyooka masafa baina ya pahali hapa pawili hayafiki kilomita 300.

Broglio alizaliwa tarehe 11 Novemba 1911 huko Mestre, mji wa bara unaokabiliana na Venice. Alisomea uhandisi wa ujenzi katika Chuo Kikuu cha Roma na kuhitimu mwaka 1934, kisha akaingia katika jeshi la anga kama mhandisi na kufanya utafiti Guidonia, karibu na Roma, ambako serikali ya Mussolini ilikuwa imejenga vituo vya kuchunguzia mwenendo wa ndege. Italia iliposalimu amri Septemba 1943 na majeshi ya Ujerumani kuikalia nchi, alijiunga na upinzani. Vita vilipokwisha alirejea chuoni, na mnamo 1952 akashika uongozi wa shule ya uhandisi wa anga ya Roma, akimrithi Gaetano Arturo Crocco, mmoja wa wakongwe wa fani hiyo barani Ulaya. Miaka minne baadaye alikabidhiwa pia idara ya utafiti ya jeshi la anga. Hivyo basi alivaa kofia mbili kwa wakati mmoja, ya profesa na ya jenerali, na hapana shaka kwamba mambo mengi aliyoyafanikisha yaliwezekana kwa sababu alijua ni mlango upi unafunguliwa kwa kofia ipi.

Kama mwanachuoni, jambo lililomshughulisha Broglio halikuwa nyota wala sayari, bali hewa. Tena si hewa hii tuivutayo, bali ile iliyo juu kabisa, mamia ya kilomita kutoka ardhini, nyembamba kiasi kwamba mtu wa kawaida angesema hapo hapana kitu. Vyombo vinavyoizunguka dunia hugusana na hewa hiyo na kupunguzwa mwendo kidogo kidogo hadi vinaanguka. Je, ni nzito kiasi gani? Hubadilika vipi mchana na usiku? Broglio alibuni mizani ya kuipimia. Setilaiti yake ilikuwa kama tufe ndani ya tufe: gamba jepesi nje, kiini kizito ndani, na baina yao viungo vinavyonepa. Hewa inapolisukuma gamba, gamba husogea kiasi kidogo mno kuelekea kwenye kiini, na msogeo huo ndio hupimwa. Mimi si mhandisi, lakini nakiri kwamba sijapata kusoma juu ya chombo kilichobuniwa kwa akili rahisi kufahamika kuliko hiki.

Mwaka 1961, yeye na mwanafizikia Edoardo Amaldi wakiwa ndio watetezi wakuu wa utafiti wa anga nchini mwao, Broglio alimshawishi Waziri Mkuu Amintore Fanfani akubali Italia iwe na setilaiti yake. Mwaka uliofuata mapatano yalifikiwa na Wamarekani: wao watatoa roketi aina ya Scout na kuwafunza mafundi, Waitaliano watatengeneza setilaiti na kujenga mahali pa kuirushia. Setilaiti ya kwanza, San Marco 1, ilirushwa tarehe 15 Desemba 1964 kutoka kisiwa cha Wallops, jimboni Virginia, na walioirusha walikuwa Waitaliano wenyewe. Lakini hayo yalikuwa mazoezi tu. Shabaha ya Broglio ilikuwa Ikweta.

Kwa nini Ikweta? Dunia huzunguka kuelekea mashariki, na kwenye Ikweta uso wake husafiri kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa. Roketi inayoanzia hapo ikielekea mashariki huwa imekwisha pewa msukumo huo bure bilashi, kama mtu anayerusha jiwe akiwa juu ya gari linalokwenda. Isitoshe, setilaiti inayozunguka juu ya Ikweta, si mbali sana na ardhi, hulikwepa kwa kiasi kikubwa eneo lililo juu ya Atlantiki ya Kusini ambamo chembe za umeme zilizonaswa na usumaku wa dunia hushuka chini na kuvivuruga vipimo vilivyo dhaifu. Hilo la pili ndilo lililokuja kuwa na maana kubwa kuliko yote.

Hapa Garissa ina neno la kusema. Mji huu uko kusini mwa Ikweta kwa chini ya nusu digrii, ilhali Ngomeni iko karibu digrii 3. Kwa hesabu ya nyuzi peke yake Garissa ingeishinda Ngomeni. Hata hivyo roketi huangusha vipande vyake njiani, na mashariki ya Garissa kuna watu, mifugo, visima na nchi jirani, ambapo mashariki ya Ngomeni kuna bahari tupu. Broglio alikodolea macho bahari hiyo. Jukwaa moja, Santa Rita, lilitokana na mtambo wa kuchimbia mafuta baharini. La pili, lililopewa jina la San Marco, mtakatifu mlinzi wa Venice, ndilo la kurushia roketi kubwa. Machi 1964, miezi michache tu baada ya bendera ya Kenya kupandishwa, roketi ndogo za kuchunguza anga zilikwisha anza kuruka kutoka hapo, na tarehe 26 Aprili 1967 San Marco 2 ikapaa, ikiwa setilaiti ya kwanza kuwekwa kwenye njia ya Ikweta kutoka mahali palipo karibu na Ikweta yenyewe.

Sasa msomaji na atulie kidogo kwenye tarehe hiyo. Mnamo Aprili 1967 vita ambavyo serikali iliviita vya mashifta vilikuwa bado vinaendelea. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa huko Kaskazini Mashariki tangu Desemba 1963, wiki mbili tu baada ya uhuru. Wafugaji walikuwa wamekusanywa katika vijiji vilivyolindwa, na ngamia ambaye riziki yake ni kutembea alikuwa amezuiwa kutembea. Mapatano ya Arusha yaliyovimaliza vita hayakufikiwa hadi Oktoba mwaka huo, na sheria za hali ya hatari ziliendelea kutumika katika eneo hilo hadi 1991. Broglio hakuhusika na lolote kati ya hayo, na simtwishi mzigo usio wake. Nasema tu kwamba anga la Kenya lilifunguliwa kwa wageni wakati ambapo mkaazi wa Garissa hakuwa huru kuipita njia ya kwenda kisima cha pili, na kwamba mambo hayo mawili yamo katika historia moja, ya nchi moja, chini ya serikali moja.

Ndipo ikaja Desemba 1970. Chombo kilichoandaliwa safari hii hakikuwa cha Italia. Kilikuwa cha Wamarekani, kikiwa na uzito wa takriban kilo 140, na kazi yake ilikuwa kutafuta eksirei zitokazo mbinguni, kwani hewa yetu huzizuia zisifike ardhini. Kiongozi wa wanasayansi wake alikuwa Riccardo Giacconi, Mwitaliano mwingine aliyehamia Marekani. Wamarekani walimwendea Broglio kwa sababu jukwaa lake lilikuwa mahali ambapo roketi yao ndogo ingebeba zaidi na ambapo vipimo vingekuwa safi. Tarehe 12 Desemba, mchana, timu ya Broglio ikakirusha. Marjorie Townsend, mwanamke aliyeusimamia mradi huo upande wa Marekani, akakiita Uhuru kwa kuiheshimu siku hiyo na nchi iliyowapokea.

Mwanaisimu hawezi kulipita jina hili bila kusimama. Uhuru ni nomino iliyoundwa kwa kiambishi cha Kibantu u- na shina huru, ambalo asili yake ni Kiarabu. Shina hilo hilo liliingia katika Kisomali likawa xor, na xornimo ndiyo hali ya kuwa huru. Herufi x katika maandishi ya Kisomali husimama mahali pa ile h nzito itokayo kooni. Kwa hiyo Mswahili wa Ngomeni na Msomali wa Garissa walilipokea neno moja kutoka chemchemi moja, kila mmoja akalivika nguo za lugha yake. Siku chombo kile kilipopaa Kisomali kilikuwa bado hakijapata hati rasmi, kwani alfabeti ya Kilatini ilipitishwa Somalia mwaka 1972. Na kabla ya hapo, mnamo 1968, mtaalamu Musa Galaal alikuwa amechapisha mjini Mogadishu kitabu chake juu ya elimu ya Wasomali kuhusu nyota na majira, ushahidi kwamba mfugaji wa nyanda hizi hakungoja roketi ndipo ayainue macho yake.

Turudi kwenye chombo chetu. Kilifanya kazi hadi Machi 1973, na orodha ya mwisho iliyotokana nacho ina vyanzo 339 vya eksirei. Aghalabu wanaokumbuka Uhuru hutaja shimo jeusi katika kundinyota la Cygnus. Mimi naona kwamba ugunduzi mkubwa zaidi ni ule usiotajwa sana, nao unahusu makundi ya galaksi. Galaksi ni mkusanyiko wa mabilioni ya nyota, kama hii yetu ambayo ukanda wake mweupe huonekana kila usiku usio na mwezi juu ya Garissa, ambako taa za mji zikiachwa nyuma giza huwa giza kwelikweli. Galaksi nazo hukusanyika kwa mamia na maelfu. Kundi la Coma, lililo mbali nasi kwa zaidi ya miaka-nuru milioni 300, ni mojawapo. Uhuru ilipoyaelekea makundi kama hayo iliona eksirei zisizotoka kwenye galaksi hii wala ile, bali zimetanda katika kundi zima, hata mle tulimodhani ni utupu. Kumbe galaksi huelea ndani ya bahari ya gesi yenye joto la makumi ya mamilioni ya digrii. Gesi hiyo ni nyembamba kupindukia, takriban chembe moja katika kila lita moja, lakini eneo lake ni kubwa mno hata uzito wake wote huzidi ule wa nyota zote za kundi kwa mara kadhaa. Mwaka 1976 setilaiti ya Uingereza, Ariel 5, iliyorushwa pia kutoka Ngomeni, Oktoba 1974, ilitambua alama ya chuma katika eksirei za kundi la Perseus, na hapo ubishi kuhusu asili yake ukapungua: ni gesi ya moto hasa, na ndani yake mna chuma kilichopikwa ndani ya nyota.

Huku nyuma, wataalamu wa darubini za redio walikuwa na kitendawili chao. Tangu 1959 ilijulikana kwamba kundi la Coma hutoa mawimbi ya redio, na mwaka 1970, mwaka ule ule wa Uhuru, uchunguzi uliofanywa Cambridge ulionyesha kwamba sehemu ya mawimbi hayo haitoki kwenye galaksi yoyote. Ni ukungu wa redio uliotanda kwa mamilioni ya miaka-nuru. Mawimbi ya namna hii hutolewa na elektroni zinazokimbia kwa kasi inayokaribia ile ya nuru huku zikipinda katika usumaku hafifu. Taabu ni kwamba elektroni hizo hupoteza nguvu upesi kwa kipimo cha mbinguni, na haziwezi kutoka katikati ya kundi hadi ukingoni kabla ya kuchoka. Basi nani anazitia nguvu upya huko huko ziliko?

Jibu ambalo wataalamu wengi wanaliegemea linahitaji ile gesi ya Uhuru. Makundi ya galaksi hugongana. Mwenye kuishi Garissa ataelewa haraka kuliko mimi nikimwambia afikirie makundi mawili makubwa ya ng'ombe yanayopishana njiani kuelekea mtoni wakati wa kiangazi. Wanyama wenyewe hupita, huyu kushoto na yule kulia, wasigusane sana. Lakini mavumbi yao hukutana, husukumana, huzunguka, na mtu aliye mbali huliona wingu hata kabla hajaona pembe moja. Galaksi hupishana vivyo hivyo, na gesi zao ndizo zinazogongana. Mshindo na misukosuko ya gesi hiyo huzipa elektroni nguvu tena, nazo hung'aa katika redio: katikati huonekana wingu la duara, na pembezoni huonekana tao refu jembamba mahali mshindo ulipopita. Ndiyo maana mtafiti wa leo wa mawimbi haya huweka ramani ya redio na ramani ya eksirei bega kwa bega, na makundi yenye gesi nyingi iliyovurugika ndiyo ambayo mara nyingi huonekana yakiwa na ukungu wa redio ulio mkali. Nusu moja ya fumbo ilipatikana kwa darubini za Uingereza. Nusu ya pili ilipaa kutoka Ghuba ya Ungwana.

Broglio hakugundua lolote kati ya haya, wala hakudai. Yeye alikuwa mpima hewa. Lakini kuna jambo la kupendeza katika kwamba mtu aliyeutumia umri wake kuthibitisha kuwa anga la juu si tupu ndiye aliyekirusha chombo kilichoonyesha kwamba hata baina ya galaksi si tupu.

Kati ya 1967 na 1988 setilaiti 9 zilirushwa kutoka majukwaa yake, ya mwisho ikiwa San Marco D/L, tarehe 25 Machi 1988. Katika mwaka huo huo Italia iliunda shirika lake la anga, na uzito wa maamuzi ukahama kutoka kwa profesa mmoja kwenda kwa wakuu wa ofisi. Broglio alitamani kuendelea na Scout iliyoongezwa nguvu, haikuwa. Alifariki Roma tarehe 14 Januari 2001, akiwa na umri wa miaka 89. Mwaka 2002 Giacconi alipewa tuzo ya Nobel, na Uhuru ilitajwa pote. Kituo cha Ngomeni hatimaye kiliitwa kwa jina la Broglio, nacho hadi leo hupokea ishara za vyombo vinavyopita juu, ingawa roketi haziruki tena.

Upande wetu hesabu si nzuri, na sioni sababu ya kuificha. Kwa miongo kadhaa kituo kilikuwa ndani ya maji ya Kenya lakini elimu yake ikawa Roma. Mikataba ilitiwa saini upya mwaka 1995 na tena 2016, na ule wa pili ulizungumzia mafunzo kwa Wakenya kwa uwazi zaidi. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Nairobi, kikisaidiwa na chuo kile kile cha Roma alikofundisha Broglio, kilituma setilaiti yake ndogo, iliyoachiwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga. Aprili 2023 Taifa-1 ikafuata, ikirushwa kutoka California. Naam, nchi iliyokuwa na jukwaa la kurushia setilaiti tangu 1967 ilibidi ipeleke yake ng'ambo. Lau mikataba ya mwanzo ingedai kwamba kwa kila roketi wahandisi wawili watatu wa Kenya wakasomeshwe Roma, leo tungekuwa na kizazi cha pili cha wanafunzi wa Broglio, na pengine mmoja wao angekuwa anafundisha Garissa.

Jambo hili bado linaweza kufanyika kwa njia nyingine, tena isiyohitaji roketi. Afrika Kusini ilizindua darubini ya redio ya MeerKAT mwaka 2018, yenye madishi 64, huko Karoo, kwenye nchi kame na tulivu isiyotofautiana sana na nyanda za Wajir. Kenya ni miongoni mwa nchi za Afrika zilizoshirikishwa katika mpango mkubwa zaidi unaojengwa hapo. Mwaka 2022 watafiti wa MeerKAT walichapisha uchunguzi wa makundi 115 ya galaksi, na katika mengi wakaona ukungu ule wa redio, mwingine haukuwa umejulikana kabla. Ramani zao zimewekwa wazi kwa yeyote. Chuo Kikuu cha Garissa, kilichopoteza watu 148 tarehe 2 Aprili 2015 na kikafunguliwa tena, kinahitaji kompyuta chache, mhadhiri mmoja wa fizikia aliye tayari, na mtandao usiokatika ili mwanafunzi wake aanze kuzisoma. Wakuu wa kaunti tatu za Garissa, Wajir na Mandera wakiulizwa gharama, watajikuta ni ndogo kuliko bei ya gari moja la msafara wao.

Chombo cha Uhuru chenyewe hakipo tena. Kilizunguka juu ya Ikweta kwa miaka 6 baada ya kunyamaza, hewa ile nyembamba ikikivuta chini kidogo kidogo kama Broglio alivyopiga hesabu, na mnamo Aprili 1979 kikaingia katika anga zito na kuteketea. Majukwaa yamebaki pale pale baharini, na msimu wa mvua za bara maji mekundu ya Tana bado huingia katika ghuba yale yaliyosimama.